Kurudi chuoni baada ya likizo fupi: siku kumi za kwanza, hatua kwa hatua

Kila likizo ya katikati ya semista inapokwisha, maswali ni yaleyale. Nimekosa testi, nianzie wapi? Jina langu halipo kwenye bumu (posho ya Bodi ya Mikopo), namwona nani? Sikujiunga na klabu yoyote mwanzoni, bado kuna nafasi? Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayerudi Mbeya au Iringa, awe wa MUST pale Iyunga, TEKU, Mzumbe Ndaki ya Mbeya, Mkwawa, RUCU, Chuo Kikuu cha Iringa au kingine cha jirani. Kanuni ndogondogo hutofautiana kati ya chuo na chuo. Kila utakapokuta namba hapa, ilinganishe na kitabu cha kanuni za chuo chako kabla ya kuitumia.

Shika hili kwanza: ofisi za chuo humsaidia aliyewahi na mwenye karatasi. Aliyefika wiki ya kwanza na barua yenye muhuri anamaliza shida yake asubuhi moja. Aliyekuja wiki ya tatu na maelezo marefu mdomoni atazungushwa, na si kwa roho mbaya. Karani naye anadaiwa kitu cha kuweka kwenye faili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha chuo na kadi ya bima ya afya, pamoja na kopi mbili za kila kimoja. Kopi toa nyumbani. Steshenari za getini wiki ya kwanza zina foleni, na umeme ukikatika umeishia hapo.
- Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, iliyoandikwa kama ilivyo kwenye cheti. Bodi ya Mikopo humtambua mwanafunzi kwa namba hiyo.
- Risiti za ada ulizokwisha lipa, na namba ya malipo ya deni lililobaki kama lipo.
- Karatasi za kuthibitisha dharura yoyote iliyokupata (hatua ya 1).
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na ndiyo iliyoko kwenye taarifa za chuo na za benki. Laini ya binamu italeta shida siku ya kuthibitisha malipo.
- Pesa ya chakula na nauli za ndani ya wiki mbili. Usipange kula kwa bumu ambalo halijaingia.
- Sweta au jaketi. Ukisahau, mitumba ya Mwanjelwa ipo, lakini Juni na Julai hata wauzaji wanajua una baridi.

Hatua

1. Kusanya karatasi ukiwa bado nyumbani. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote kuirudia. Kama uliugua, chukua karatasi ya hospitali yenye jina lako kamili, tarehe ya kuingia na ya kutoka, sahihi na muhuri. Karatasi ya dawa peke yake haitoshi, kwa kuwa haionyeshi kwamba ulishindwa kusafiri wala kufanya mtihani. Kama ulifiwa, chukua kopi ya kibali cha mazishi au barua ya afisa mtendaji wa kijiji au wa mtaa inayotaja marehemu ni nani kwako na tarehe ya msiba. Kama shida ni ya kipato, mfano mzazi kaachishwa kazi au nyumba imeungua, barua ya mtendaji itaje jambo hilo waziwazi. "Anatoka familia duni" ni sentensi ambayo kila ofisi imeisoma mara elfu.

Ukishafika Mbeya na mtendaji yuko Ludewa au Kibondo, karatasi hiyo itakuchukua wiki nzima kuipata, na wakati huo muda wa kuomba testi maalumu unakwisha.

2. Fika Ijumaa au Jumamosi. Anayetoka Dar au Morogoro anajua mlima Kitonga: lori moja likiharibika kwenye kona, foleni hula saa kadhaa. Kipindi cha mvua, Novemba hadi Aprili, barabara za kutoka vijijini nazo hazina ahadi. Mwenye kufika Jumapili usiku hukosa kipindi cha Jumatatu asubuhi, na kipindi hicho ndicho wahadhiri wengi hutangazia tarehe mpya za testi.

3. Kagua chumba kabla ya kulala. LUKU, maji, kufuli, dirisha. Dirisha ndilo la kuangalia vizuri. Huku juu baridi huwafanya wengi waingize jiko la mkaa ndani na kufunga kila mahali, wengine mpaka wanaziba chini ya mlango kwa kanga. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Kichwa kuuma ghafla, kichefuchefu na usingizi mzito ni dalili zake. Pikia nje au kwenye korido iliyo wazi, na jiko libaki nje hata kama mkaa unaonekana umezimika, maana majivu yanayofuka bado yanatoa gesi hiyohiyo. Kama ni la kujipasha moto, ongeza blanketi.

4. Chora jedwali la alama. Jumapili jioni, ukurasa mmoja wa daftari. Kila kozi mstari wake, na safu tano: testi ya kwanza, kazi ya kikundi au ya binafsi, testi ya pili (tarehe), vipindi ulivyokosa, kinachodaiwa.

Kwenye vyuo vingi alama za mwendelezo (testi na kazi za semista) ni 40 na UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, ni 60. Baadhi huweka kiwango cha chini cha mwendelezo, kwa mfano 16 kati ya 40, na aliye chini yake haingii kwenye UE ya kozi hiyo. Chukua mfano: testi ya kwanza umepata 6 kati ya 15, kazi ya kikundi 7 kati ya 10, na imebaki testi ya pili yenye 15. Una 13. Ili ufike 16 unahitaji 3 tu, na hapo ndipo wengi hupumua. Wasipumue. Mwenye 16 anahitaji 24 kati ya 60 kwenye UE ili afikishe 40 ya kufaulu. Mwenye 22 anahitaji 18. Alama sita za testi ya pili ni rahisi kuzipata kuliko alama sita za UE, kwa kuwa testi ina mada chache na unajua zipi.

Mahudhurio yahesabu vilevile. Vyuo vingi hudai asilimia 75. Kozi yenye vipindi 30 kwa semista inakuruhusu kukosa 7. Cha 8 kinakuangusha. Kama umeshakosa 5 kabla ya likizo, huna tena anasa ya "nimechoka na safari".

5. Kama ulikosa testi au kazi, peleka barua ndani ya siku tatu za kwanza. Iandike kwa lugha inayotumika kwenye barua za idara yako, mara nyingi Kiingereza, na isizidi ukurasa mmoja. Iwe na:

- jina kamili, namba ya usajili, programu na mwaka wa masomo;
- jina na namba ya kozi (code), tarehe na saa ya testi iliyokupita;
- sababu kwa sentensi mbili au tatu, bila hadithi;
- unachoomba, kwa maneno ya moja kwa moja: kufanya testi maalumu, au kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi;
- orodha ya viambatisho, namba ya simu, sahihi na tarehe.

Barua iende kwa mkuu wa idara kupitia kwa mhadhiri wa kozi. Toa kopi tatu. Moja inabaki kwa mhadhiri, moja kwenye masijala ya idara, na ya tatu ni yako. Ukiwa dirishani, isukume hiyo ya tatu kwa karani uombe muhuri wa "imepokelewa". Angalia kwamba tarehe ndani ya muhuri ni ya siku hiyo (mihuri ya kuzungusha husahaulika kwenye tarehe ya jana au ya juzi) na kwamba kuna sahihi ndogo pembeni. Kopi hiyo ndiyo ushahidi wako barua ikipotea, na barua hupotea.

Onyo: ujumbe wa WhatsApp kwa mhadhiri si barua. Unaweza kumtaarifu kwa heshima, "Shikamoo mwalimu, nimewasilisha barua kuhusu testi ya tarehe fulani," lakini usiishie hapo. Wala usimtume CR, yaani mwakilishi wa darasa, akuombee. CR hupeleka matangazo na kero za darasa zima. Shida ya mtu mmoja ukimwachia, ataiweka mwisho wa orodha.

6. Bumu na ada. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo huhesabiwa kwa siku. Ikiwa 10,000 kwa siku, awamu ya siku 60 ni 600,000. Orodha za kusaini zikitoka, angalia jina lako siku hiyohiyo, usisubiri foleni ipungue. Zoezi lina mwisho, na pesa isiyosainiwa kwa wakati hurudishwa Bodi. Kuifuatilia tena ni barua nyingine na wiki nyingine.

Pesa ikiingia, toa kodi ya chumba kwanza, kisha nunua vyakula vinavyokaa. Faida ya kusoma nyanda za juu ni kwamba mahindi, maharage na viazi viko karibu na vilikolimwa. Watatu mkichanga mkanunua debe la maharage na unga wa mwezi mzima, kila mmoja atatumia pungufu kuliko anayekula kwa mama lishe mara mbili kwa siku. Kinachobaki kigawe kwa wiki na ukitoe kila Jumatatu.

Kaa mbali na kausha damu. Wapo wakopeshaji wanaozunguka hosteli na magetoni bumu linapochelewa, wanakupa 50,000 leo na kuchukua kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri kama rehani. Siku pesa ikiingia wanatoa wao kwanza, kwa riba wanayoijua wao. Ukibanwa kweli, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au serikali ya wanafunzi ndizo za kuanza kuuliza, hata kama jibu litakuwa dogo. Na yeyote anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa Bodi na kuomba namba ya siri au pesa ya "kufungua malipo" ni tapeli.

7. Jua mlango wa kila shida. Wanafunzi hupoteza siku kwa kugonga mlango usio wake.

Mambo ya masomo, kama kozi inayokulemea au unayofikiria kuibadilisha, mwone mshauri wako wa kitaaluma. Kila mwanafunzi amepangiwa mmoja. Jina lake liko idarani, ingawa wengi humaliza miaka mitatu bila kulijua. Malazi, ugomvi wa hosteli, msiba na ukata ni ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Bumu ni dawati la mikopo. Ugonjwa ni zahanati ya chuo, na ukipewa mapumziko dai karatasi palepale.

Msongo wa mawazo, usingizi kukata, kukosa hamu ya kula wala kuingia darasani kwa zaidi ya wiki mbili ni kazi ya mnasihi, ambaye kwa kawaida hupatikana kupitia ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ukifika mlangoni huna haja ya kumweleza katibu muhtasi habari yako. Sema, "Naomba kuonana na mnasihi," inatosha.

Unyanyasaji wa kijinsia, wa mwanafunzi mwenzako au wa mfanyakazi, ni Dawati la Jinsia la chuo, na polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mhadhiri anayetaka penzi ili akupe alama anaomba rushwa ya ngono, ambayo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupigiwa bure kwa 113. Hifadhi ujumbe wote kama ulivyo, usifute hata wa kwako, na usiende "kumalizana" naye peke yako ofisini jioni.

8. Tengeneza kikundi cha kusoma. Watu wanne hadi sita. Wakizidi, wawili husoma na wengine hupiga stori. Saa moja na nusu mara mbili kwa wiki, na kila mtu aje na mada moja aliyoiandaa kufundisha. Nusu saa ya mwisho ni maswali ya mitihani iliyopita, kwa kalamu na bila kuangalia majibu. Ambaye amekuja mara mbili bila kuandaa mwambieni ukweli mapema, kabla hamjaanza kuchukiana.

9. Jiunge na kitu kimoja. Wengi hudhani aliyekosa wiki ya mapokezi ya wanafunzi wapya amekosa yote. Kinyume chake: baada ya likizo ndipo nafasi zinafunguka. Mwanzoni wanajiandikisha mamia, katikati ya semista wanabaki wachache, na klabu iliyobaki na wachache inatafuta wa kufanya kazi. Nenda kwenye mkutano wao mmoja kabla ya kutoa kiingilio. Angalia kama ulianza kwa wakati, kama mapato na matumizi yalisomwa, na kama kuna tarehe ya shughuli inayofuata. Ukikosa vyote vitatu, aga kwa heshima.

Ukiridhika, omba kazi yenye kuonekana: kuandika mihutasari, kutunza daftari la michango, kupanga ukumbi. Kwa maoni yangu mtunza mihutasari hujifunza kuendesha chombo kuliko makamu mwenyekiti. Tenga saa tatu kwa wiki na usizidishe mpaka testi ya pili ipite.

Pa kuingilia ni pengi: serikali ya wanafunzi na kamati zake, klabu za fani, timu za michezo, kwaya, jumuiya za dini kama TMCS ya Wakatoliki, CASFETA ya Wapentekoste na TAMSYA ya Waislamu. Asiyependa mikutano anaweza kuanza na uchangiaji damu. Mbeya kuna kituo cha kanda cha damu salama, na timu zake hufika vyuoni. Sharti uwe na miaka 18 au zaidi na kilo 50 au zaidi. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Usichangie siku moja kabla ya testi, na usichangie hujala.

Anayetaka kugombea uongozi wa wanafunzi asome kwanza katiba ya serikali yao, hasa kifungu cha sifa za mgombea. Mara nyingi kuna kiwango cha chini cha GPA (wastani wa alama), na fomu za wenye sapu (mtihani wa kurudia) hukatwa baada ya mabango kuchapwa tayari.

Ikikwama

*Jina halipo kwenye orodha ya bumu.* Kagua kwa mpangilio huu: je, umekamilisha usajili wa semista kwenye mfumo wa chuo? Majina kwenye akaunti ya benki yanafanana na ya chuo, herufi kwa herufi? Akaunti haijalala kwa kutotumika? Namba ya kidato cha nne ni sahihi? Ukienda dawati la mikopo ukiwa na majibu ya maswali hayo manne, afisa ataanzia pale unapokwamia badala ya kukurudisha nyuma.

*Umelipa ada lakini mfumo unaonyesha deni.* Linganisha namba ya malipo iliyo kwenye risiti na uliyopewa na mfumo. Tarakimu moja ikikosewa malipo kwa kawaida hukataa, lakini watu hulipia namba ya zamani au ya mwenzao. Peleka risiti kwa mhasibu wa wanafunzi. Picha ya ujumbe wa simu ni ya kukusaidia kumbukumbu tu, yeye anataka namba ya muamala.

*Alama ya testi ya kwanza haijaonekana.* Uliza kwanza kama ni yako tu au ya darasa zima. Ya darasa, mwachie CR. Ya kwako, peleka karatasi yako ya testi iliyosahihishwa, ndiyo maana haitupwi mpaka matokeo ya UE yatoke. Kama hukurudishiwa, tafuta karatasi ya mahudhurio ya siku ile ya testi yenye sahihi yako.

*Mhadhiri haonekani ofisini kusaini barua yako.* Usingoje zaidi ya siku mbili. Iwasilishe masijala ya idara ipigwe muhuri, na umweleze mkuu wa idara kwamba mhadhiri hajapatikana.

*Kikundi cha kazi kimekuondoa jina kwa sababu hukuwepo.* Omba kipande cha kufanya leo, hata kama ni kuchapa na kupanga marejeo. Mkishindwana, mwone mhadhiri kabla kazi haijawasilishwa. Ikishakusanywa, neno lako linapambana na la watu watano.

*Umerudi umechelewa wiki mbili au zaidi.* Anza na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kabla ya darasa, ukiwa na karatasi za hatua ya 1, kisha idara. Piga hesabu ya mahudhurio kozi kwa kozi. Kama kozi tatu au nne zimeshavuka kiwango, au bado unaumwa, omba ushauri wa kuahirisha masomo. Ombi hilo huandikwa kabla ya UE kuanza, likiwa na viambatisho, na ukishakubaliwa bumu husimama mpaka urejee. Hakikisha chuo kimeijulisha Bodi kwa maandishi, na uchukue kopi ya barua ya kuahirisha, kwa kuwa siku ya kurejea ndiyo ya kwanza utakayoulizwa dirishani.